Kamba mbili ndefu: kumfunza farasi kijana ukiwa chini kabla hajapandwa (masaisi na wafugaji wa punda karibuni)

#1 Saisi wa Ngong

Habari zenu wadau.

Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi; nafanya kazi na farasi vijana hapa Nairobi, hasa wa mbio, wale wanaoletwa kutoka mashambani hawajawahi kubeba kitu mgongoni. Naandika haya kwa sababu kila mara tunapokea farasi tunaoambiwa wameshafunzwa, na nikiwafunga kamba naona walichofunzwa ni kumvumilia mtu mgongoni, basi. Kugeuka hawajui. Kusimama hawajui. Kutoka getini bila mwenzao kutangulia, hilo hawataki hata kulisikia. Mtu aliruka hatua ya kamba mbili, au aliifanya kwa haraka ili tajiri aone farasi amepandwa.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: farasi anavishwa lijamu, kile chuma cha mdomoni, na mkanda mpana unaozunguka kiwiliwili nyuma ya miguu ya mbele, wenye pete kushoto na kulia. Kamba mbili zinatoka kwenye lijamu, kila moja upande wake, zinapita kwenye pete na kufika mikononi mwa mtu anayetembea nyuma yake. Ukimzungusha kwa kamba moja unamiliki upande mmoja tu, naye anakwenda duara mpaka mchoke wote. Ukiwa na mbili unamgeuza, unamsimamisha, unamnyoosha, unatoka naye getini hadi barabarani, na mgongoni hana hata kilo moja ya mtu.

Hiyo kilo ina maana yake. Mifupa ya farasi haikomai kwa pamoja. Sehemu ya ukuaji iliyo juu ya goti la mbele hufunga akiwa na miaka miwili hadi miwili na nusu hivi, lakini zile za uti wa mgongo huchelewa mpaka mitano au sita. Farasi wa mbio kwa kawaida anaanza kufunzwa na mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo kila somo unaloweza kumpa ukiwa chini, mpe ukiwa chini. Na kumzungusha kwenye duara dogo kila siku nako si salama, kwa sababu miguu ya upande wa ndani inabeba mzigo wa kukunja kona muda wote. Kamba mbili zinakuruhusu kwenda mbele moja kwa moja.

Halafu kuna suala la macho. Farasi macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu kila upande isipokuwa sehemu mbili: pale mbele ya paji la uso wake, na pale nyuma ya mkia. Wewe unayemfunza kwa kamba unatembea jirani kabisa na pale asipopaona. Anasikia sauti yako, anahisi kamba pajani, hakuoni vizuri, na bado anatakiwa aende mbele kwa utulivu. Farasi aliyelielewa hilo, siku atakayopandwa hatashtuka sana kusikia mtu nyuma ya masikio yake.

Vifaa. Kamba ziwe za pamba laini, nyepesi, kila moja mita 7 hadi 9. Nailoni ikikupita mkononi kwa kasi inachoma hadi nyama, iache dukani. Mwisho wa kamba usiwe na kitanzi, maana kitanzi kinaingia mguu. Vaa glavu, viatu vigumu na kofia ngumu. Na usizungushe kamba mkononi hata mara moja; ikunje kwa mikunjo mirefu ilale juu ya kiganja, ili farasi akitoka mbio ikuponyoke yenyewe. Watu wamepoteza vidole kwa jambo hili, na wengine wameburuzwa.

Mkanda nao usikazwe wote kwa mara moja. Kaza tundu moja, mtembeze, kaza lingine, mtembeze. Farasi ambaye hajawahi kubanwa kifua akikazwa ghafla ananyanyua mgongo, anainamisha kichwa na kuruka mateke hadi uzio. Kisha atakumbuka.

Sasa niseme ile siku ya kamba ya pili, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Kabla ya hapo awe ameshaizoea kamba moja, anajua sauti ya kutembea na sauti ya kusimama. Siku yenyewe fanyia kwenye kiwanja chenye uzio, na mtu anayemjua amshike kichwani. Kwanza msugue mwili mzima kwa kamba: shingo, mgongo, tumbo, mapaja ya ndani, chini hadi kwato. Ikidondoka, iache idondoke, uiokote polepole. Kushoto, kisha kulia, kwa sababu ukimzoeza upande mmoja tu, ule mwingine bado ni mgeni. Akishaacha kukunja ngozi, ndipo uipitishe kamba ya nje, ile ya upande ulio mbali nawe, nyuma ya mapaja, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa nyuma, na umwambie atembee.

Mtazame mkia. Kamba ikimgusa pale kwa mara ya kwanza anaubana mkia kwa nguvu, kiuno kinashuka, masikio yote mawili yanarudi nyuma, halafu anaruka mbele hatua mbili tatu. Kila mtu mkono wake unataka kuvuta wakati huo. Usivute. Mpe kamba, tembea naye, sema naye kwa sauti ileile uliyokuwa unasema nayo bandani. Ukivuta, kamba inazidi kumbana mapaja, na yeye anaona kweli kitu kimemkamata nyuma. Ukimwachia, anazunguka kiwanja, anagundua kamba inatembea naye tu. Utaona sikio moja linageuka upande wako, la ndani. Mkia unaanza kuning'inia. Taya zinatafunatafuna. Hapo msimamishe, msugue shingo, na ufunge kazi kwa siku hiyo, hata kama jua bado liko juu na tajiri amesimama kwenye uzio anataka kuona zaidi.

Mikono. Kugeuka kushoto ni kubana vidole kushoto na kuachia kulia kwa kiasi kilekile. Wengi wanavuta kushoto huku kulia kumekaza, farasi anakunja shingo lakini mabega yanakwenda moja kwa moja, halafu wanasema ana mdomo mgumu. Kusimama: acha kutembea wewe mwenyewe, funga vidole, toa sauti. Kwato zikitulia tu, fungua vidole palepale. Farasi hajifunzi kutokana na kuvutwa, anajifunza pale mvuto unapoondoka. Ukichelewa kuachia, hajui amelipwa kwa lipi. Ukiendelea kuvuta wakati ameshasimama, umemwambia kwamba kutii hakuna faida, na kesho atakuvuta wewe.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

#2 Kijana wa Usa River

Mkuu shukrani sana. Mimi niko upande wa Arusha, tuna farasi wa kutembeza watalii. Nina maswali mawili. Moja, kwa siku unamfanyia muda gani? Mbili, kuna jike mmoja kamba ikiingia chini ya mkia anaibana na kuanza kukimbia huku anarusha mateke. Ukivuta ndiyo anazidi. Tufanyeje?

#3 Saisi wa Ngong

Ndugu yangu, kwa farasi kijana dakika 15 hadi 20 zinatosha mwanzoni, na ubadilishe upande mara kwa mara. Anachoka akili kabla ya miguu. Ukiona ameanza kukosea kitu alichokuwa anakijua dakika tano zilizopita, umeshapitiliza.

Hilo la mkia: ukivuta, kamba inapanda juu zaidi kwenye sehemu laini, naye anabana zaidi. Legeza kabisa kamba hiyo ili uzito wake wenyewe uishushe, mwongoze kwa ile nyingine kwenye duara pana mpaka apunguze mwendo, na ukimfikia ndipo unyanyue mkia kwa mkono na kuitoa. Kisha rudi nyuma hatua moja katika mafunzo. Akiwa amesimama na ameshikwa na mtu, mzoeze kuguswa mkia, kunyanyuliwa mkia, kamba kupita chini yake polepole, siku kadhaa. Na pete za mkanda wako ziko juu mno pengine. Zikiwa usawa wa katikati ya ubavu, kamba inakaa chini kwenye mapaja, hairuki juu ovyo.

#4 Mlipakodi

Uzi mzuri kwa wenye hela zao. Farasi ni mchezo wa matajiri wa Karen. Mwananchi wa kawaida inamhusu nini hii?

#5 Saisi wa Ngong

Mkuu, ukifika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong asubuhi na mapema utaona nani anawashika hao farasi. Uwanja ule uko pale tangu 1954, na tangu siku hiyo anayemtoa farasi bandani, anayemsugua, anayemlaza na kumwamsha ni saisi. Mwenye farasi anamwona siku ya mbio. Ujuzi huu ni wetu, uko mikononi mwetu, ila hauandikwi popote kwa lugha yetu. Kijana anaingia kazini, anapewa kamba, anaambiwa "fanya kama yule", na yule naye aliambiwa hivyohivyo. Wakati mwingine anapigwa teke la kifua kabla hajaambiwa asisimame wapi. Hilo linawahusu watu wenye familia.

Na kama farasi hakuhusu, punda anakuhusu. Maji unayouziwa mitaani, mchanga, magunia ya viazi, nyingi za safari hizo zinavutwa na punda ambaye hakufunzwa, alipigwa tu.

#6 Mwana wa Amu

Hapo kwa punda ndugu umenigusa. Sisi huku Lamu vichochoro ni vyembamba, mikokoteni haipiti mji mkongwe, punda anabeba mgongoni: mchanga, mawe, saruji kutoka gatini. Wengi wanafunzwa kwa fimbo. Na watu wanasema punda ni mbishi, bila fimbo haendi. Je, hizi kamba zako zinamfaa?

#7 Saisi wa Ngong

Zinamfaa sana, Mwana wa Amu, pengine kuliko farasi, lakini lazima ujue jambo moja. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa mara nyingi anasimama palepale, anagandisha miguu, anatazama. Anatathmini. Mtu anamwona amekaidi, anamchapa, na sasa kile alichokuwa anakiogopa kimekuwa viwili. Ukimpa nafasi akatazama hicho kitu, ukakaa kimya, kamba zimelegea, mara nyingi anapiga hatua mwenyewe. Hatua hiyo moja isindikize kwa kuachia kabisa.

Punda hahitaji lijamu. Mtengenezee hatamu ya kichwa, ya kamba pana au ukanda, isiyokata pua, na ufunge kamba zako mbili pembeni mwa taya. Mwekee na mkanda wenye pete. Mengine ni yaleyale niliyoandika juu. Kwa kazi yenu ya vichochoroni ningesisitiza kusimama. Punda aliyebeba saruji anayesimama kwa sauti tu, bila kushikwa, ni amani kwa watoto na wazee wanaopishana naye.

Kwa wenzetu wa bara wenye mikokoteni, mlolongo ni huu. Akishaongozeka vizuri kwa kamba ukiwa nyuma yake, mfunge tairi kuukuu, jepesi, alikokote nyuma. Kabla ya hapo mtu mwingine aliburute pembeni yake, kisha nyuma yake, azoee ile sauti ya kukwaruza. Pili, mtembeze katikati ya miti miwili mirefu inayomgusa ubavu kama mikono ya mkokoteni, maana akigeuka atagongwa na kitu kwenye mbavu na lazima ajue hakiumi. Mwisho mkokoteni mtupu, sehemu tambarare. Mzigo baadaye kabisa, akiwa ameshakomaa, na kuanzia miaka minne ndiyo salama. Na ukanda wa kifuani uwe mpana, wenye kitambaa. Kuna watu wanafunga waya na mpira wa baiskeli kifuani kwa mnyama anayewalisha. Vidonda vile nikiviona barabarani siku yangu inaharibika.

#8 Mwalimu wa Karen

Nimesoma yote, hongera kaka. Mimi nafundisha watoto kupanda na nimefunza farasi wengi wadogo. Naomba kuongeza na kupinga kidogo.

Kupinga: lijamu mapema mno. Wiki za mwanzo mimi nafunga kamba kwenye hatamu ya pua peke yake, lijamu liko mdomoni lakini halijaunganishwa na kitu. Mkono wa mtu anayejifunza kutembea nyuma ya farasi ni mzito, anajikwaa, anavuta bila kutaka. Kwa nini mdomo ulipe?

Kuongeza: kabla ya lijamu lolote, mwite daktari aangalie meno. Farasi wengi wana kijino kidogo mbele ya magego ya juu, lijamu linakigonga. Na kuanzia miaka miwili na nusu meno ya utoto yanang'oka. Farasi anayerusha kichwa kwenye kamba huenda ana jino linalocheza, na mtu anamkazia mkanda wa pua afunge mdomo. Pia mwanzoni usiipitishe kamba ya ndani kwenye pete, ilete moja kwa moja mkononi. Akigeuka kukutazama, na wote hugeuka, utamwongoza kutoka hapo bila kumfunga.

#9 Saisi wa Ngong

Asante dada. Kuhusu meno nakushukuru sana, hilo lilistahili kuwa aya ya kwanza. Kuhusu hatamu ya pua, kwa farasi wa kupandwa na watoto nakubali bila swali. Kwa wa mbio naanza hivyohivyo, ila naunganisha lijamu mapema kuliko wewe, kwa sababu mpandaji atakayekuja atashika lijamu tu, na ningependa mkono wa kwanza anaoujua uwe wangu wa polepole.

Na kwa kuwa umetaja kugeuka, niseme wazi kwa vijana. Akigeuka akakutazama, kamba zimemzunguka, usivute zote mbili. Achia ya nje ianguke, baki na moja, mwongoze mbele, msimamishe, anza upya. Akisimama kwa miguu ya nyuma, legeza zote palepale na usogee pembeni. Farasi anayevutwa akiwa wima anaweza kuanguka chali. Ndiyo maana somo la kumrudisha nyuma kwa kamba nalifundisha mwisho kabisa: farasi kijana aliyebanwa mbele, asiyejua aende wapi, hupanda juu. Na wakati wote kaa mita tatu hivi nyuma, kidogo pembeni, mahali jicho lake moja linakupata. Teke halifiki hapo.

#10 Abu Saif, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Zanzibar, niko Muscat miaka mingi, nasimamia farasi wa Kiarabu wa mbio za masafa marefu. Nimefurahi kuisoma kazi hii kwa Kiswahili. Swali: nina dume kijana, mwepesi sana mdomoni. Ukimfunga kamba anakunja shingo, kidevu kinagusa kifua, na hatua zinafupika. Wageni wakimwona wanamsifu uzuri. Mimi sipendi. Pili, nimewaona kwenye televisheni wale farasi weupe wa Vienna, mtu anatembea kwa miguu karibu kabisa na matako ya farasi. Mbona wao hawaogopi teke?

#11 Saisi wa Ngong

Waalaykumu ssalaam mzee wangu. Hupendi, na uko sahihi. Huyo amejificha nyuma ya lijamu, yaani anakunja shingo ili akwepe mvuto wake. Mara nyingi sababu ni uzito wa kamba zenyewe: mita nane zikilowa umande au zikiburuta mchangani zinavuta mdomo hata kama wewe hujavuta. Tumia kamba nyembamba zaidi, zitoe kwenye lijamu uzifunge puani kwa muda, na mpeleke nje kwenye njia iliyonyooka, kwa telki (mwendo wa kukimbia taratibu) ya kwenda mbele, mikono yako ikimfuata. Usimguse mdomo kabisa mpaka ainyooshe shingo mwenyewe. Ikiwezekana kuwe na kilima cha taratibu. Akipanda mlima anainyoosha shingo mwenyewe.

Wale wa Vienna ni wa Shule ya Kihispania ya Upandaji. Shule hiyo imetajwa kwenye maandishi tangu 1572, na ukumbi wao mweupe ulimalizika 1735. Farasi ni madume ya Lipizzaner, wanazaliwa weusi au kahawia na kuwa weupe kadiri miaka inavyokwenda. Mtu anatembea hapo ubavuni mwa kiuno na kamba fupi kuliko zetu, na farasi anacheza telki papo hapo, anabadilisha hewani mguu unaotangulia katika shoti (mwendo wa mbio), anakwenda kimshazari, vyote bila mtu mgongoni. Teke haliogopwi kwa sababu anayefanya kazi hiyo ni farasi aliyeshafunzwa kwa miaka mingi na anamjua mtu wake. Kwao kamba ndefu ni kilele cha elimu. Kwetu ni darasa la kwanza. Nikimtazama kijana wangu akinyooka kwenye njia kwa kamba zilizolegea, naona ni kazi ileile moja, na ninaiheshimu sana. Ila kijana asikae pale wanapokaa wao. Mita tatu.

#12 Kijana wa Usa River

Mkuu nimerudi. Yule jike wa mkia anaendelea vizuri, ahsante. Sasa swali la mwisho: utajuaje kwamba ametosha, apandwe?

#13 Saisi wa Ngong

Hongera sana ndugu, nimefurahi kweli.

Mimi natazama haya. Anatoka getini peke yake na kuwaacha wenzake wakilia nyuma, bila kugeuka. Anasimama kwa sauti na vidole, kamba zikiwa zinaning'inia, na anabaki amesimama bodaboda ikipita. Anageuka pande zote mbili sawa. Karibu kila farasi ana upande mzito, na usipompanda bado huo mzito unarekebishika kirahisi. Anapita juu ya mfereji, matope, kivuli cha daraja, mfuko wa plastiki kwenye uzio, na akisita anasubiri akusikie. Ameshavaa tandiko lenye rikabu (vikanyagio vya mpandaji) zinazopiga mbavu kwa telki na hazimsumbui. Jambo moja likikosekana, rudi kwenye kamba. Hakuna hasara, mgongo wake unazidi kukomaa.

Siku ikifika, fanya mwishoni mwa kazi ya kamba, akiwa ametulia lakini hajachoka. Kamba ndefu zitoe, ubaki na moja puani, wewe ukiwa kichwani. Mtafute mtu mwepesi asiye na haraka. Alale kwa tumbo juu ya tandiko kwanza, asikae, aishushe mikono amsugue upande wa pili. Mtembeze hatua chache hivyo, msimamishe, mtu ashuke. Geuza, rudia upande mwingine, kisha mpeleke bandani akale.